Kipimo kinasema niwe mshauri nasaha, ofisi inataka nisimamie timu

Barua

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Nina miaka 28, nina shahada ya uhasibu, na kwa miaka mitatu sasa ni afisa mikopo katika taasisi ndogo ya fedha hapa Morogoro. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa sokoni na vikundi vya akina mama. Marejesho yangu si mabaya. Pale tawini, mara nyingi mimi ndiye mwenye mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa kwa wakati, michache kuliko wenzangu.

Mwezi uliopita ofisi ilileta mkufunzi wa semina ya siku moja. Tulijaza fomu ya haiba ya Myers-Briggs, na jioni kila mtu akapewa herufi nne na karatasi ya maelezo. Mimi nilitoka INFP. Karatasi ile ilinieleza mpaka nikashtuka: naumia moyoni watu wakigombana, nina ndoto kubwa ambazo huwa sizisemi, nachoka kujifanya mchangamfu. Chini yake kulikuwa na kazi zinazonifaa: mshauri nasaha, mwandishi, mwalimu wa sanaa. Na zisizonifaa: mauzo, fedha, ukaguzi, usimamizi.

Wiki mbili baadaye meneja akaniita, akaniambia nafasi ya msimamizi wa maafisa sita iko wazi na wananifikiria mimi. Afisa rasilimali watu alikuwepo, akatania: "INFP ataweza kweli kufukuzana na wadaiwa?" Tangu hapo sina amani. Nimerudia kipimo kwenye simu mara mbili. Mara ya kwanza nilitoka INFJ (I 68%, N 52, F 55, J 53). Mara ya pili, usiku wa siku ya kufunga mwezi, nikatoka ISTJ (I 72%, S 51, T 53, J 61).

Nina kiwanja nilichonunua kwa kujibana. Nafikiria kukiuza nikasome shahada ya uzamili ya ushauri nasaha, niachane na mikopo kabisa. Mama anasema nachezewa na karatasi. Kaka anasema nichukue cheo, mshahara ni mshahara. Meneja anataka jibu mwisho wa mwezi ujao.

Naomba mnisaidie. Mimi ni nani kati ya hao watatu? Je, nimekaa miaka mitatu kwenye kazi isiyo yangu? Na ofisi ina haki ya kutumia herufi hizo kuamua habari zangu?

Afisa Mikopo, Morogoro

Jibu

Dada, tuanze na kiwanja: kisiuzwe mwaka huu. Na cheo usikikatae kwa sababu ya herufi nne. Unaweza kukikataa kwa sababu nyingine, na tutazifikia, lakini si hiyo.

Umefanya vizuri kutuletea namba, maana zinasema mengi kuliko majina ya makundi. Zipange pamoja. Mara zote tatu umetoka I, yaani upande wa ukimya, na asilimia ulizopewa ni 68 na 72. Hilo limesimama. Zilizobaki ni 52, 55 na 53, halafu 51, 53 na 61. Karibu zote ziko katikati. Basi kati ya hao watatu wewe ni mtu mmoja, mkimya kiasi, ambaye kwenye mambo mengine matatu yuko kati kwa kati: S au N (kushika yanayoonekana au kuwaza yanayowezekana), T au F (kuamua kwa hoja au kwa hisia), na J au P (kupenda mpango au kuacha mambo wazi). Kipimo kimekusukumia upande mmoja kwa sababu hakina herufi ya katikati.

Ndivyo kilivyoundwa. Kilitungwa Marekani na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, waliochota mawazo ya daktari wa akili wa Uswisi, Carl Jung, aliyoyachapisha mwaka 1921. Fomu yao rasmi iliyotumika sana ina maswali 93 yaliyogawanywa kwenye jozi nne. Tuseme jozi moja ina maswali 21. Ukijibu 11 upande wa F na 10 upande wa T, unaandikwa F. Mwenzako aliyejibu yote 21 upande wa F naye anaandikwa F, na karatasi mnayopewa ni ileile. Badilisha jibu moja tu, usiku wa kufunga mwezi, kichwa kimejaa hesabu za marejesho, nawe umekuwa T. Na kwa kuwa watu wengi kwenye sifa hizi hukusanyika katikati, mstari wa kugawanya umepita palepale penye msongamano. Mwaka 1993 mwanasaikolojia David Pittenger, akipitia ushahidi uliokuwepo, alionyesha kwamba wanaorudia kipimo baada ya wiki tano hufikia nusu yao kubadilika walau herufi moja. Wewe umebadilika kama wanavyobadilika wengine.

Kuna jingine ambalo mkufunzi alipaswa kuwaambia. Vipimo vya bure vya kwenye simu huazima herufi zilezile lakini si kipimo kilekile. Kinachojulikana zaidi, 16Personalities, huongeza herufi ya tano, A (anayejiamini) au T (mwenye wasiwasi, si T ile ya hoja), na ndani yake kimejengwa juu ya nadharia nyingine. Kwa hiyo kulinganisha matokeo ya semina na ya simu ni kulinganisha mizani mbili tofauti. Mwombe mkufunzi alama zako za kila jozi. Akikosa kuwa nazo, karatasi yake haina uzito wa kuhamisha hata kiti chako, sembuse kazi.

Kuhusu karatasi kukueleza mpaka ukashtuka: mwaka 1948 Bertram Forer, mwalimu wa saikolojia Marekani, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha haiba, kisha akampa kila mmoja maelezo "yake". Wakayapa usahihi wa wastani wa 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa maandishi yaleyale. Rudia sentensi zako mwenyewe: kuumia watu wakigombana, kuwa na ndoto usizozisema, kuchoka kujifanya. Tafuta mtu pale ofisini asiyeweza kuziitikia. Ukitaka kujipima, mwombe rafiki akunakilie maelezo ya makundi manne, la INFP likiwemo, akifuta majina na herufi, nawe uchague la kwako bila kujua. Ukichagua jingine, au ukaona mawili yote ni wewe, umepata jibu.

Sasa ile orodha ya kazi, ambayo kwetu sisi ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Orodha za namna hiyo, hata zikitengenezwa kwa uangalifu, hueleza watu wa kundi fulani huonekana zaidi kwenye kazi zipi. Hazisemi nani anaifanya kazi vizuri. Walioangalia ufanisi wenyewe walipata picha nyingine. Murray Barrick na Michael Mount walikusanya tafiti nyingi mwaka 1991 wakaona kwamba sifa inayoambatana na ufanisi katika kila aina ya kazi waliyoiangalia ni umakini: kupanga, kutimiza ahadi, kumaliza ulichoanza. Hata huo uhusiano ulikuwa karibu 0.2 tu, pale ambapo 1 ni uhusiano kamili, maana yake haiba inaeleza sehemu ndogo, kama asilimia 4 au 5, ya tofauti kati ya mfanyakazi na mfanyakazi. Mikopo yako chechefu kuwa michache kwa miaka mitatu ni ushahidi mzito kuliko kipimo chochote utakachojaza.

Hata kwenye mauzo kwenyewe mambo si kama karatasi inavyosema. Adam Grant alichapisha mwaka 2013 utafiti wa wafanyakazi 340 wanaouza kwa kupiga simu, na walioingiza fedha nyingi walikuwa wa katikati. Wasemaji sana na wakimya sana wote walikuwa nyuma yao. Kuhusu uongozi, Timothy Judge na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba uchangamfu husaidia zaidi mtu kuonekana anafaa kuongoza kuliko unavyomsaidia kuongoza vizuri akishakabidhiwa. Kizingiti cha kuonekana wewe umeshakivuka: wameshakuita.

Na huko unakotaka kukimbilia? Mshauri nasaha hukaa uso kwa uso na mtu baada ya mtu, siku nzima, kila mmoja na mzigo wake, halafu anaandika kumbukumbu za kila shauri. Kama kinachokuchosha ni watu, umehama jiko lenye moshi kwenda lenye moshi zaidi.

Ukihitaji kipimo kinachosaidia, tumia cha sifa tano kuu: uchangamfu, umakini, upole kwa watu, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na udadisi wa mambo mapya. Toleo la IPIP-NEO lenye maswali 120 ni la bure mtandaoni. Tenga nusu saa. Uzuri wake ni kwamba halikupi herufi. Kila sifa ina maswali 24 yaliyogawanywa kwenye vipengele sita vya maswali manne manne, na kwenye vipengele ndiko utakakojiona. Uchangamfu, kwa mfano, una kipengele cha kupenda mikusanyiko na kingine cha uthubutu wa kusema na kuamua. Mtu anaweza kuwa chini sana kwenye mikusanyiko na juu kwenye uthubutu. Kwa afisa mikopo mwenye marejesho mazuri tusingeshangaa kuona hivyo, maana kumwambia mteja "biashara yako haibebi milioni mbili, chukua laki nane" si kazi ya mtu mwoga. Kwa usimamizi angalia uthubutu, utaratibu, hasira na jinsi unavyotikisika ukibanwa. Kupenda mikusanyiko unaweza kuruka.

Jibu ukiwa umepumzika, si siku ya kufunga mwezi. Fikiria mwaka mzima uliopita, na chagua mapema: unajibu kama ulivyo kazini, au kama ulivyo nyumbani. Wengi huchanganya, swali hili la ofisini, lile la nyumbani, wakapata wastani wa watu wawili. Kosa jingine la kwetu sana ni kukubali kila kauli kwa adabu. Watafiti wakiongozwa na Rachid Laajaj na Karen Macours walichambua mwaka 2019 takwimu za nchi 23 za kipato cha chini na cha kati wakaona kwamba maswali ya sifa tano, hasa yakiulizwa ana kwa ana, hayakupima vizuri kilichokusudiwa, na tabia ya kukubali kila kitu ilikuwa sababu mojawapo. Jikague hivi: tafuta kauli zinazopingana, kama "napenda kuwa na watu wengi" na "nakwepa penye watu wengi". Ukiwa umekubali zote mbili, rudia kipimo siku nyingine. Maswali yenye kukanusha mara mbili yasome polepole kwa sauti.

Matokeo yatakuja kwa nafasi: 30 ina maana kwamba katika watu 100 wa kulinganisha, 30 hivi wako chini yako. Lakini hao 100 si watu wa Morogoro, kwa hiyo usihangaike kama uko 30 au 40. Linganisha vipengele vyako vyenyewe kwa vyenyewe. Kilicho juu sana na kilicho chini sana ndivyo vya kufanyia kazi. Kisha mpe karatasi ya maswali mwenzako mmoja wa kazini na ndugu mmoja, wajibu kuhusu wewe, si kuhusu wao wenyewe. Kaka yako atafaa, kwa sharti kwamba asijue wewe umejibu nini. Penye pengo kubwa kati ya jibu lako na lao, kaeni mlizungumze.

Lakini hata kipimo kizuri hakijui siku yako inavyokwenda. Chukua daftari, na kwa siku kumi za kazi andika kila shughuli mara tu inapoisha. Safu ya kwanza ni shughuli yenyewe, kwa kitenzi: "kuhesabu mauzo ya muuza nyanya", "kikao cha kikundi", "kumpigia mdhamini", "kuandika ripoti ya mkopo". Usiandike "kazi za ukopeshaji". Ya pili ni dakika. Ya tatu ni alama kuanzia kasoro mbili (-2) hadi mbili: imekunyonya au imekupa nguvu? Ya nne ni swali moja, ningeirudia kesho kwa hiari? Hiyo ya nne usiiache, kwa sababu kuchoka na kuchukia ni vitu viwili. Kuna shughuli inayokumaliza nguvu lakini ungeirudia, na kuna nyepesi usiyotaka kuiona tena. Ukisubiri kuandika jioni, tukio la mwisho la siku litapaka rangi yote yaliyotangulia. Hakikisha siku hizo kumi zina kikao cha kikundi, ufuatiliaji wa wadaiwa sugu na kufunga mwezi.

Mwishoni zidisha dakika kwa alama, ujumlishe kwa kila aina ya shughuli. Tuseme vikao vya vikundi ni dakika 300 kwa alama ya kasoro moja: kasoro 300. Kupima biashara za wateja mmoja mmoja ni dakika 600 kwa alama moja: 600. Hapo unajua kwamba huichukii kazi ya mikopo, unabanwa na vikao. Na vikao vinatibika bila kuuza kiwanja: visiwekwe viwili mfululizo, viwe asubuhi, mchana ubaki wa mteja mmoja mmoja. Jumla zikitoka hasi karibu kila mahali, na safu ya nne imejaa "hapana", basi hoja ya kuhama ni ya kweli, na umeipata bila herufi.

Daftari hilohilo ndilo la kupimia cheo. Muulize msimamizi mmoja wa tawi lenu au la jirani alifanya nini Jumatatu hadi Ijumaa wiki iliyopita, saa kwa saa, uziandike shughuli zake kwa vitenzi, uzipe alama zako. Utakuta kikao cha asubuhi, kupitia maombi ya mikopo ya wengine, kwenda na afisa kwa mteja aliyegoma kulipa, kumkatalia mtu likizo, kuandika barua ya onyo. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazowaangusha wasimamizi wakimya. Hawashindwi kuongoza, wanakwepa mazungumzo magumu, wanatuma ujumbe wa WhatsApp, afisa asipobadilika wanaifanya kazi yake wenyewe usiku. Dawa yake ni ratiba: kila afisa dakika 20 za ana kwa ana kila wiki, siku na saa ileile, namba zake za marejesho zikiwa mezani. Kwa maafisa sita ni saa mbili tu, na jambo gumu linakuwa na mahali pa kusemewa kabla halijavimba.

Kwa meneja, usipeleke ndiyo wala hapana. Omba kukaimu kwa miezi mitatu, kwa barua yenye tarehe ya kuanza na kumaliza, posho ya kukaimu, na maelezo kwamba ukirudi kwenye nafasi yako hutashushwa daraja. Muulize mikopo chechefu ya timu hiyo kwa sasa ni kiasi gani na itahesabiwa kwa nani. Hili wengi hulisahau kwa furaha ya cheo, wakajikuta wanabebeshwa mikopo iliyoharibika kabla hawajafika. Hali ya mikopo siku ya makabidhiano iandikwe na isainiwe pande zote.

Ushauri nasaha nao usiutupe. Huenda ni wito wako kweli; tunachosema ni kwamba karatasi ile haijui. Ijaribu kazi yenyewe kwanza. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa, au shule yenye mwalimu wa ushauri, uombe kujitolea Jumamosi au siku za likizo yako. Kesi za watu hazitawekwa wazi mbele yako, na ni sawa. Utaona foleni, mafaili, ripoti, na mashauri yanayopelekwa Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Ongea na watu watatu wanaoifanya kazi hiyo, mmoja akiwa ameajiriwa chini ya miaka mitatu iliyopita, uwaulize walipataje ajira na wanalipwa na nani. Ukibaki na hamu, hakikisha kozi unayoitaka inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu na kwamba shahada ya uhasibu inakubalika kujiungia. Ndipo hesabu za kiwanja zianze.

Swali lako la mwisho. Hata taasisi inayosimamia kipimo cha Myers-Briggs inasema wazi kwamba hakifai kuchagulia watu kazi, na kwamba matokeo ni ya mhusika mwenyewe. Yule afisa alitania, lakini utani wa aina hiyo mbele ya meneja una madhara. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumika kwa kusudi gani. Andika barua fupi isiyo na hasira kwa rasilimali watu, uulize mambo matatu: matokeo ya semina yamehifadhiwa wapi, nani anayaona, na kama yatatumika kwenye upandishaji vyeo. Nakala moja kwa meneja, na ubaki na yako yenye mhuri wa kupokelewa.